Usawa Haupimwi kwa Maneno ya Sheria Peke Yake

(Matini ya mhadhara kwa jamaa wa misikiti ya Kariakoo, Gerezani na Ilala)



Ndugu zetu Waislamu, wazee wetu, mama zetu na vijana wetu.

Maudhui tuliyoyachagua ni usawa mbele ya sheria na katazo la ubaguzi, kama yalivyowekwa katika sheria za kimataifa za haki za binadamu. Huenda baadhi yetu wakadhani kwamba jambo hili ni la wanasheria wa Geneva na New York, na kwamba halimhusu mtu anayefungua duka lake Mtaa wa Kongo au anayepanga chumba Gerezani. Tunapenda kuonesha kinyume chake. Jiji letu lilipangwa kwa sheria za kibaguzi, na mitaa tunayoipita kila siku kwenda kuswali ni ushahidi wa hayo. Aidha, ndani ya nyumba zetu wenyewe zipo desturi ambazo zikiwekwa mbele ya kipimo cha sheria hizo haziwezi kusimama.

Hoja yetu ni moja, nayo ni hii: ubaguzi haujulikani kwa kusoma maneno ya sheria peke yake. Sheria yaweza isimtaje mtu yeyote kwa rangi yake, dini yake wala jinsia yake, na bado ikawa ya kibaguzi kwa yale inayowatendea watu. Kwa hiyo anayetaka kujua kama kanuni ni ya haki hana budi kuuliza maswali mawili. Imekusudia nini? Na taathira yake imemwangukia nani?

Mji uliogawanywa kwa aina ya nyumba

Jina la Kariakoo, kama tujuavyo, latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Lakini mpango wa kulifanya eneo hili kuwa makazi ya Waafrika ulikuwa umekwisha kuanzishwa na Wajerumani kabla ya vita hivyo. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika waliuendeleza, na katika miaka ya 1920 wakaugawa mji katika sehemu tatu. Sehemu ya kwanza iliwekwa kwa ajili ya nyumba za makazi za aina ya Ulaya. Sehemu ya pili ilikuwa ya makazi na biashara. Sehemu ya tatu ilikuwa ya nyumba za kienyeji. Wananchi wakaziita kwa majina yake ya kweli: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja, na sababu iliyotajwa ilikuwa ni kulinda afya.

Tuitazame kanuni ile kwa makini. Katika sehemu ya kwanza na ya pili haikusema kwamba Mwafrika haruhusiwi kukaa. Ilitaja aina ya jengo. Serikali ya kikoloni ilijua kwamba sheria ya kuwatenga watu kwa rangi waziwazi ingezusha malalamiko, hususan ya Wahindi, ambao nao walikuwa raia wa dola ya Uingereza. Basi ikachagua njia ya kutaja majengo. Mwenye fedha za kujenga jumba la aina ile hakuzuiwa na maandishi. Lakini ni Mwafrika gani wa siku zile, kibarua wa bandarini au mchuuzi wa samaki, aliyekuwa na fedha hizo? Maneno yalikuwa juu ya nyumba, na matokeo yakawa juu ya watu. Hata leo, baada ya zaidi ya miaka 60 ya uhuru, mtu aweza kusimama Mnazi Mmoja na kuona kwa macho yake mahali mstari ule ulipopita.

Sura tatu za ubaguzi

Tukiichunguza historia hiyo tutaona kwamba ubaguzi una sura tatu, na ni vema kuzitenganisha.

Sura ya kwanza ni ubaguzi wa dhahiri, unaomtaja mtu kwa jina la kundi lake. Mfano wake ni Baraza la Kutunga Sheria la mwaka 1955. Upande wa wawakilishi ulikuwa na viti 30: viti 10 vya Waafrika, 10 vya Waasia na 10 vya Wazungu. Ukihesabu viti utasema hapa pana usawa kamili. Ukihesabu watu utasema vinginevyo, kwa kuwa Waafrika walizidi milioni 8, Waasia hawakufikia laki moja, na Wazungu walikuwa takriban 20,000. Kila upande ulipewa kikombe kilekile, lakini kimoja kilikuwa cha mtu mmoja na kingine cha kijiji kizima.

Sura ya pili ni ubaguzi unaojiita ulinzi. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanapaswa kuifahamu sheria ya mwaka 1931 iliyozuia mikopo kwa wenyeji. Kwa sheria hiyo, mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyempa Mwafrika bidhaa kwa mkopo hakuweza kwenda mahakamani kudai deni lake, isipokuwa mkopo ule uwe umeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni kumkinga mwenyeji asizame katika madeni. Na matokeo yake? Mwenye duka la jumla hakuthubutu kumkopesha mtu ambaye hataweza kumshitaki. Mwafrika akabaki kununua kwa fedha taslimu, kidogo kidogo, huku mshindani wake akichukua mzigo leo na kulipa baada ya kuuza. Kila aliye sokoni anajua kwamba biashara isiyo na mali kauli haikui. Sheria ilimtendea Mwafrika kama mtoto asiyeweza kufunga mkataba, kisha watu wakashangaa kwa nini hana duka.

Sura ya tatu ndiyo iliyofichika kuliko zote: kanuni inayowahusu wote kwa maneno mamoja, lakini mzigo wake unaliangukia kundi moja. Mgawanyo wa mji ulikuwa wa namna hii. Uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 nao ulikuwa na sura hii. Ili mtu aandikishwe kuwa mpiga kura ilimlazimu awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au wadhifa uliotajwa. Sharti lilikuwa moja kwa Mzungu, Mwasia na Mwafrika. Lakini pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000 za wakati ule, na kibarua wa kawaida wa mjini hakukaribia kiasi hicho. Tena kila mpiga kura alilazimika kupiga kura tatu, kwa Mwafrika, kwa Mwasia na kwa Mzungu, la sivyo kura yake iliharibika. Chama cha TANU, kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954 hapa hapa Mtaa wa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba, kilijadili jambo hilo kwa uchungu katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, na mwishowe kikaamua kushiriki. Wagombea waliokuwa wakiungwa mkono na TANU wakashinda, na mfumo wa viti sawasawa kwa rangi ukapoteza maana yake.

Kutoka Kariakoo hadi Umoja wa Mataifa

Watu wa nchi hii walikuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yao. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Baada ya Vita Kuu ya Pili iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Ibara ya 76 ya Hati ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1945 iliwawajibisha watawala wa nchi za udhamini kuhimiza kuheshimiwa kwa haki za binadamu kwa watu wote, bila kutofautisha rangi, jinsia, lugha wala dini. Kwa mlango huo Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka 1952 kuwasemea Wameru waliofukuzwa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi. Kwa mlango huo huo Mwalimu Nyerere alihutubia Baraza la Udhamini mwezi Machi 1955. Wameru hawakurudishiwa ardhi yao kwa safari ile. Lakini ilidhihirika kwamba mtawala aweza kuhojiwa mbele ya dunia kwa maneno aliyoyatilia sahihi yeye mwenyewe.

Baada ya Hati ile likaja Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, tarehe 10 Desemba 1948, ambalo katika Ibara ya 1, ya 2 na ya 7 linathibitisha usawa wa wanadamu katika utu, katika haki na mbele ya sheria. Kisha ikaja mikataba yenye kuzifunga nchi zilizoiridhia. Tanzania ilijiunga mwaka 1972 na Mkataba wa kuondoa ubaguzi wa rangi wa mwaka 1965. Mwaka 1976 ilijiunga na mikataba miwili ya mwaka 1966, ule wa haki za kiraia na kisiasa, na ule wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni. Mwaka 1985 iliridhia Mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, wa mwaka 1979. Na kabla ya huo, mwaka 1984, iliridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Sasa tuzingatie jambo moja lililo katika mikataba hiyo, kwa kuwa ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Mkataba wa ubaguzi wa rangi na Mkataba wa wanawake, kila mmoja katika Ibara yake ya 1, inaeleza ubaguzi kuwa ni kutofautisha au kutenga ambako kusudi lake au taathira yake ni kumnyima mtu haki zake kwa usawa na wengine. Kusudi au taathira. Halihitajiki kusudi ovu. Taathira peke yake yatosha. Mwaka 1989 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa Maoni ya Jumla Namba 18 na kuutumia ufafanuzi huo huo katika Mkataba wa haki za kiraia na kisiasa.

Na Katiba yetu je? Hati ya haki iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na tangu mwaka 1988 mahakama zimekuwa na uwezo wa kuitekeleza. Ibara ya 13 inaikataza sheria yoyote kuweka sharti la kibaguzi, liwe ni la dhahiri au liwe ni la kibaguzi kwa taathira yake. Neno jinsia halikuwemo katika orodha ya misingi ya ubaguzi hadi lilipoongezwa mwaka 2000. Kwa hivyo kipimo tunachokizungumzia ni sheria kuu ya nchi yetu, kwa Kiswahili chetu.

Kipimo hiki hakipendelei upande

Pengine ndugu atauliza: je, kila kanuni yenye taathira tofauti ni ubaguzi? La. Kamati hiyo hiyo imesema kwamba kutofautisha si ubaguzi iwapo kuna sababu ya maana isiyoegemea upande, na lengo lililo halali. Mifano miwili itatuonesha namna kipimo kinavyofanya kazi.

Nchini Canada kulikuwa na fundi umeme wa shirika la reli, mtu wa dini ya Sikh, hao tuwaitao Singasinga. Kanuni ilitaka mafundi wote wavae kofia ngumu ya usalama. Dini yake ilimtaka avae kilemba peke yake. Alipokataa kofia alipoteza kazi. Kamati ilikubali kwamba kanuni isiyotaja dini yaweza kuwa na taathira kwa watu wa dini moja, lakini mwaka 1989 ikaamua kwamba kumkinga mfanyakazi asijeruhiwe ni sababu ya maana, na kwamba kanuni ile haikuwa ya kibaguzi. Fundi yule alishindwa.

Ufaransa, mwaka 2010, ilitunga sheria ya kukataza mtu kuficha uso wake mahali pa hadhara, na adhabu yake ni faini isiyozidi yuro 150. Sheria ile haikutaja niqabu wala haikutaja Uislamu. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliiangalia mwaka 2014 na kuipitisha. Lakini wanawake wawili Waislamu waliotozwa faini walipeleka malalamiko yao kwa Kamati ya Haki za Binadamu, na mwaka 2018 Kamati ikaamua kwamba haki yao ya dini imevunjwa na kwamba wamebaguliwa kwa dini na kwa jinsia. Ilisema serikali yaweza kumtaka mtu aoneshe uso wake panapohitajika kumtambua, lakini Ufaransa haikuthibitisha kwamba katazo la kila mahali na kila wakati lilihitajika. Maoni ya Kamati hayana askari wa kuyatekeleza, na sheria ile haikufutwa. Hata hivyo uamuzi umeandikwa.

Tumeitaja mifano hii pamoja kwa makusudi. Aliyefurahia uamuzi wa niqabu lazima akubali pia uamuzi wa kofia, kwa kuwa kipimo ni kimoja. Mizani haiwi mizani ikiwa inapima sawasawa pale tunaponunua, na kupunja pale tunapouza.

Uraia na sura ya mtu

Lipo jambo lililo karibu zaidi na soko letu. Mwezi Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwakataza watu wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo biashara ya jumla na rejareja isipokuwa katika hali zilizotajwa, huduma za fedha kwa simu, ufundi wa simu na saluni. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, waliokuwa wakilalamikia wageni kuuza hadi bidhaa za rejareja, waliipokea kwa furaha. Wapo wengine walioilaumu, hasa nchi jirani ya Kenya.

Sheria za kimataifa zinasemaje? Mkataba wa ubaguzi wa rangi, Ibara ya 1, hauhesabu kutofautisha kati ya raia na asiye raia kuwa ni ubaguzi wa rangi. Mkataba wa haki za kiuchumi, Ibara ya 2, unaziruhusu nchi zinazoendelea kuamua ni kwa kiasi gani zitawahakikishia wasio raia haki za kiuchumi. Kwa hiyo kutumia uraia kuwa kigezo si kosa kwa nafsi yake. Hatari iko katika utekelezaji. Amri imetaja uraia. Haikutaja nywele, pua wala rangi ya ngozi. Ikiwa mkaguzi atapita mtaani na kuwasimamisha wenye sura ya Kihindi, ya Kiarabu au ya Kisomali peke yao ili wathibitishe uraia, huku wengine wakipitwa bila kuulizwa, basi amri iliyotungwa kwa uraia itakuwa imetekelezwa kwa rangi. Na wengi wa watu hao ni majirani zetu waliozaliwa hapa na wanaozika wazazi wao hapa.

Jambo hili nchi yetu ililiamua zamani. Mwezi Oktoba 1961, kabla ya bendera kupandishwa, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika kwa rangi yao. Mwalimu Nyerere aliwapinga kwa ukali, na alikuwa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kuikubali hoja hiyo. Sisi tusomao Suratul-Hujurat, aya yake ya 13, hatukuhitaji kungoja mwaka 1961 kujua kwamba makabila na mataifa yamewekwa ili watu wajuane.

Mjane na nyumba ya Kariakoo

Ndugu zetu, mpaka hapa tumewazungumzia wengine: Mjerumani, Mwingereza, Mfaransa na mkaguzi. Sasa tujiangalie wenyewe.

Mkoani Shinyanga wajane wawili walifiwa na waume zao. Kwa mujibu wa sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo hutumika kwa makabila mengi ya Tanzania Bara, mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha jamaa. Riziki yake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane hao wakaondolewa katika nyumba zao. Wakafungua shauri Mahakama Kuu, Dar es Salaam. Mwaka 2006 Mahakama ilikiri kwamba kanuni ile ni ya kibaguzi, lakini ikakataa kuifuta, kwa kuhofia kwamba mila za makabila mengine yote zingefuatia. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliiondosha rufaa yao kwa kasoro ya tarehe katika hati ya amri ya mahakama ya chini. Wakapeleka malalamiko kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwezi Machi 2015 Kamati iliamua kwamba Tanzania imevunja Mkataba, ikataka walipwe fidia na sheria ile irekebishwe.

Si kwamba mahakama zetu hazijapata kuthubutu. Mwaka 1990, Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo kama aliyonayo mwanamume, na akaitaja mikataba ya kimataifa katika hukumu yake. Kabla ya hapo, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua, katika shauri la talaka la wanandoa Waislamu, kwamba kazi za nyumbani za mke huhesabiwa kuwa ni mchango katika mali ya ndoa. Hapo awali baadhi ya majaji walilisoma neno mchango kana kwamba maana yake ni fedha tu. Neno halikumtaja mke wala mume, lakini aliyepika, aliyefua na aliyelea watoto ndiye aliyetoka mikono mitupu.

Sasa tufike kwetu. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, za vyumba vya huku na huku na ukumbi katikati, zimekuwa zikibomolewa moja baada ya nyingine ili yajengwe maghorofa. Kiwanja ambacho babu alikinunua kwa fedha kidogo leo kina thamani ambayo babu hakuiota. Mwenye nyumba akifa, siku arobaini hazijapita, jamaa huitisha kikao cha ukoo cha kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Kanuni yao ni nyepesi: aliyehudhuria atasikilizwa, na aliyetia sahihi katika muhtasari ndiye aliyekubali. Kanuni hiyo haimtaji mwanamke. Lakini mjane yuko eda, miezi minne na siku kumi, naye hatoki kwenda kukaa na wanaume kikaoni. Muhtasari unapelekwa Mahakama ya Mwanzo, msimamizi anateuliwa, na mama anapomaliza eda anakuta dalali mlangoni. Hii ndiyo ile sura ya tatu, iliyofanana na mgawanyo wa mji wa miaka ya 1920. Maneno ni ya wote, na mzigo ni wa mmoja.

Hatutaificha hoja iliyopo hapa. Sheria ya Kiislamu, ambayo mahakama zetu huitumia katika mirathi ya Waislamu, humpa mjane moja ya nane marehemu akiacha watoto, na robo asipoacha. Humpa binti nusu ya fungu la kaka yake. Kamati ya Umoja wa Mataifa inataka mafungu yawe sawa. Nchi kadhaa za Kiislamu, Misri ikiwemo, ziliuridhia Mkataba kwa sharti kwamba hazitafungwa na vifungu vinavyopingana na Sharia. Tanzania iliridhia bila ya sharti. Mjadala huo upo, nao utaendelea miongoni mwa wanazuoni na wanasheria. Lakini mjane wa Kariakoo aliyefukuzwa hagombani na mtu juu ya nane au nusu. Yeye amepewa sifuri. Na hakuna kipimo hata kimoja, cha Sharia wala cha Umoja wa Mataifa, kinachompa mjane sifuri. Anayemnyima kwa hoja ya mila za ukoo asijifiche nyuma ya dini, na anayejitetea kwa dini ailipe ile moja ya nane kwanza.

Yatupasayo

Basi yatupasa mambo manne. Kwanza, kikao cha mirathi kifanyike nyumbani kwa mjane, au angojewe, au awe na mwakilishi aliyemchagua yeye mwenyewe. Na maimamu wetu wanapoalikwa kuomba dua katika kikao hicho waulize kwa sauti: mama yuko wapi? Pili, tukumbuke kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi kwa sababu ya usimamizi wake. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa, na katika Mahakama ya Mwanzo anawajibika kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi minne, isipokuwa mahakama imuongezee muda, kisha kuwasilisha hesabu ya mirathi. Mrithi yeyote ana haki ya kudai kuiona hesabu hiyo. Tatu, hati za ndoa zetu ziwe zimesajiliwa na zitunzwe mahali ambapo mke anapajua, kwani mjane asiye na hati huanza kwa kuthibitisha kwamba alikuwa mke. Nne, kila mwenye mamlaka ya kuweka kanuni, awe ni mwenye nyumba anayedai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, au mwenye duka anayeajiri vijana wa kijijini kwao tu, ajiulize kabla ya kuitangaza: ni nani atakayeachwa nje na kanuni hii, na je, ninayo sababu ya maana ambayo naweza kuisema mbele yake?

Wazee wetu wa Kariakoo waliishi chini ya kanuni zilizotaja kuta na kukusudia watu. Walizitambua, wakazisema hadharani, na zikaondoka. Haitakuwa insafu sisi warithi wao tukizirudisha kwa wino wetu wenyewe ndani ya muhtasari wa kikao cha ukoo.